Boksi la mazingaombwe la kuanzia: vikombe vizuri, maneno mabovu

Ukipita maduka ya vifaa vya kuchezea mjini Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Uhindini, au ukiwa Iringa pale Miyomboni, hukosi kukutana na boksi la mazingaombwe la kuanzia. Chapa ni nyingi, yaliyomo ni yale yale: vikombe vitatu vya plastiki vinavyoingiana, vipira laini vyekundu, kamba tatu, gumba bandia na kitambaa chake, kibweta chenye mpira ndani, fimbo nyeusi yenye ncha nyeupe, karata, na kijitabu cha maelekezo. Mwishoni mwa kijitabu, baada ya michoro, huwa pana ukurasa wa maneno ya kutamka: abrakadabra, hokasi pokasi, sim sala bim, presto, alakazamu. Chagua lolote upendalo, kinasema.

Wanaoyapitia maboksi haya huishia kwenye plastiki. Sisi tunaanza na ukurasa huo wa maneno, maana unaangusha maonyesho mengi kuliko kikombe kilichopasuka. Neno la mazingaombwe lina urefu wake, lina mahali pake, na lina watu linaowafaa. Likikaa vibaya linamuumbua mwenye nalo hata kama vidole vyake ni vyepesi.

Tuchukue gumba bandia, ile kofia ya plastiki yenye umbo la gumba inayofichwa kwenye ngumi ili kitambaa kiingie ndani yake; ndicho kifaa kinachowashinda wengi. Watazamaji wakisikia neno, macho yote yanakimbilia mkononi, kama kengele ya mapumziko inavyogeuza vichwa vya darasa zima. Sasa kijitabu kinaelekeza: sukuma kitambaa kwenye ngumi kwa gumba, sema neno, fungua mkono. Anayeanza anafuata hivyo hivyo, na neno linamtoka wakati ule ule gumba lake liko ndani ya ngumi likifanya kazi ya siri. Ukumbi mzima unaliona. Utaratibu unaofaa ni huu. Kitambaa kisukumwe kwa kidole cha shahada mara tatu au nne, gumba liingie mara ya mwisho tu. Litoke likiwa limevaa lile bandia na kitambaa ndani, mkono ushuke taratibu mpaka usawa wa kiuno, ncha ya gumba ikiwaelekea watazamaji ili wasiuone ubavu wake. Macho yako yahamie kwenye ngumi iliyobaki juu. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili. Ndipo utamke. Mtazamaji akifika nyumbani atasimulia kwamba kitambaa kilipotea neno lilipotoka, na kwa wakati huo kilikuwa kimeshapotea kitambo.

Wanaoonyesha gumba hili hufanya kosa moja zaidi: wanatamka neno huku wakilitazama gumba. Unapotazama wewe ndipo wanapotazama wao.

Tukiwa hapo hapo, rangi. Gumba la boksi ni la waridi iliyopauka, na kwenye mkono wa Mnyakyusa au Mhehe linawaka kama taa ya breki. Lisugue kwa msasa laini, lipake rangi ya akriliki ya kahawia tabaka mbili nyembamba, upande wa nje tu, lilale usiku kucha likauke. Ukipaka ndani litabana, kisha rangi itahamia kwenye kitambaa. Kiwi ya viatu usiiguse, inachafua kila kitu.

Kwenye vikombe neno lina kazi ya pili: kuhalalisha fimbo. Mpira umeonekana kuingia mkono wa kushoto, kumbe umebaki wa kulia. Mkono wa kulia unatakiwa uondoke na mzigo wake bila kushukiwa, na hauwezi kuondoka bila sababu. Sababu ni kwenda kuchukua fimbo. Fimbo inagonga ngumi, neno linatamkwa, ngumi inafunguliwa, mpira hakuna. Hapo neno refu ni mzigo, kwa kuwa ngumi tupu ikisubiri sana watu wanaanza kufikiri. Silabi mbili mpaka nne zinatosha. Ila mwishoni, pale unapotaka kuingiza ndimu chini ya kikombe kutoka mfukoni, mambo yanageuka: unataka neno refu, tena likitoka vinywani mwao, ili mkono upate nafasi. Anayetumia neno moja kwa hatua zote mbili lazima mojawapo imwangushe.

Wakongwe wa kazi hii walilijua hilo. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapa kitabu cha kupinga imani za kichawi, akaeleza humo namna wacheza viinimacho wa enzi yake walivyofanya vitu vyao, pamoja na maneno ya ajabuajabu waliyoyatamka. Thomas Ady naye, katikati ya karne ya 17, anamtaja mchezaji wa zama za Mfalme James aliyejiita Hocus Pocus, kwa sababu kila kiinimacho alikisindikiza kwa maneno “Hocus pocus, tontus talontus, vade celeriter jubeo”. Sababu anaitoa Ady mwenyewe: ni maneno ya giza, ya kuwafunga watazamaji macho ili mchezo upite bila kugunduliwa. Yatamke kwa mwendo wa kawaida uone, yanakula sekunde tatu au nne. Ndimu inatoka mfukoni na kutulia chini ya kikombe katika muda huo. Kijitabu cha boksi kimebakiza maneno mawili ya mbele na kuutupa mkia, na faida yote ilikuwa mkiani.

Sasa tuyapime yaliyobaki kwenye mdomo wa mtu wa huku.

Abrakadabra kwa Kiingereza ina silabi tano na uzito unaangukia “da”. Kiswahili hakipendi konsonanti zibanane, kwa hiyo watoto wanaipanua: a-bu-ra-ka-da-bu-ra, silabi saba, na uzito unahamia silabi ya pili kutoka mwisho kama kawaida ya lugha yetu. Wako wengi wa ukanda huu wanaobadilishana r na l bila kujijua, kwa hiyo katika ukumbi mmoja utasikia abrakadabra, aburakadabura na abulakadabula kwa pamoja, kila moja likimalizika kwa wakati wake. Fimbo igonge lini? Neno linalosambaratika halina mdundo wa kugongea. Likitamkwa na msanii peke yake halina ubaya, ila tangu lini watoto wa shule ya msingi wakakaa kimya?

Lina tatizo jingine zito kuliko mdundo. Baadhi ya vijitabu huchora neno hili katika umbo la pembetatu, kila mstari ukipungua herufi moja, na kumshauri mtoto aliandike kwenye kadi. Umbo hilo si pambo. Neno hili linaonekana mapema kabisa katika shairi la Kilatini la tiba la Serenus Sammonicus, la karne ya 2 au ya 3, na pale ni dawa ya homa: liandikwe mistari ikipungua mpaka ibaki herufi moja, lifungwe, livaliwe shingoni. Kwa lugha yetu hiyo ni hirizi, basi. Daniel Defoe, akiandika mwaka 1722 kuhusu tauni iliyoipiga London mwaka 1665, anawataja watu waliolivaa hivyo kujikinga. Kadi ya pembetatu ibaki ndani ya boksi. Mzazi wa Kyela au wa Mbozi akimkuta mwanawe na karatasi yenye maandishi ya namna hiyo shingoni, hatauliza kama ni mchezo.

Hokasi pokasi inachekesha, watoto wa miaka mitano wanaipenda, na mdundo wake ni mzuri: ho-ka-si, po-ka-si, mapigo mawili ya fimbo. Iepuke kwenye ukumbi wa parokia. Mwishoni mwa karne ya 17 Askofu Mkuu John Tillotson wa Canterbury alihisi kwamba limetokana na kuyakejeli maneno ya misa ya Kilatini, “hoc est corpus”. Ilikuwa dhana yake tu, lakini katekista mzee anayekijua Kilatini hahitaji uthibitisho ili anune.

Presto ni Kiitaliano, haraka. Fupi, haina ladha, haina madhara.

Sim sala bim ndiyo iliyopotezwa kabisa na kijitabu. Aliyeipa umaarufu ni Dante, jina lake halisi Harry August Jansen, mzaliwa wa Copenhagen, na maneno aliyatoa kwenye wimbo wa watoto wa Kidenishi. Aliyatamka kupokea makofi, yaani baada ya mchezo. Ukiyaweka kabla, hayana kazi. Halafu yasikie kwa masikio ya Mswahili: simu, sala, Bimu. Nusu ya ukumbi itapapasa mifuko kutafuta simu, nusu nyingine itajiuliza sala imeingiaje. Ukitaka neno la kupokelea makofi Tukuyu, ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, inafanya kazi ile ile aliyoifanya Dante, na makofi yanaongezeka.

Alakazamu tulidhani ni takataka kama nyingine, lakini kwa bahati limezaliwa upya lenyewe. Likate hivi: Ala! Kazama! Mshangao, kisha taarifa kwamba jamaa kazama. Kwa sarafu inayopotelea kwenye glasi ya maji, au mpira unaopenya kitako cha kikombe, halina mpinzani. “Ala!” itamke ukiwa umesimamisha fimbo hewani, nyamaza kidogo, kisha “kazama!” fimbo ikigonga. Watoto wakishalisikia mara moja wanamalizia wenyewe. Kwa kitu kinachotokea badala ya kupotea, usilitumie, maana yake itakusuta.

Hata hivyo mtaji mkubwa uko nje ya boksi, tumekua nao. Paukwa, pakawa. Silabi tatu zako, tatu zao. Kijitabu kinamtaka msanii atamke peke yake, na hapo ndipo kinapokosa. Ukumbi unaoitikia unakuwa na shughuli: watu wanavuta pumzi, wanageukiana, wanacheka, na kwa sekunde hiyo mikono yako haina mlinzi. Tena sauti yao inafunika sauti yako. Kibweta cha mpira kwenye haya maboksi kinalia “tak” ganda la ndani linaponasa kwenye kifuniko. Ukumbi ukiwa kimya mpaka mstari wa nne wanasikia. Finya kifuniko wakati wanasema “pakawa” na hakuna atakayesikia kitu.

Refu kuliko hilo ni lile la hadithi. Wewe: hadithi, hadithi! Wao: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea! Hesabu silabi zao, kumi na sita. Huo ndio mkia wa Hocus Pocus tuliosema umetupwa, na tulikuwa nao jikoni kwa bibi siku zote. Ndimu iingie hapo. Na sikiliza wanachokuambia: uongo njoo. Ukumbi wenyewe umekuagiza uwadanganye, hakuna atakayedai kwamba umejifanya mganga.

Kitendawili, tega, kinafanana na hayo kwa sura, lakini tunakikataa. Kitendawili kinamtaka msikilizaji atafute jibu. Ukishaitikiwa “tega!” watu hawakai kustarehe, wanaanza kufumbua, na kitu cha kwanza watakachofumbua ni mkono wako wa kulia. Paukwa inawakalisha chini. Kitendawili kinawasimamisha. Kiweke mwisho kabisa, ukishafunga boksi.

Kuhesabu moja, mbili, tatu ni silaha nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sharti moja: kazi ifanyike kwenye “moja”. Kila mtu anaisubiri tatu. Watoto wa huku huhesabu kwa kasi kuliko mhesabishaji, kwa hiyo ukipanga kufanya kitu kwenye tatu watakuwa wameshafika nne ungali na mpira kiganjani.

Kuna maneno yasiyoguswa, na hapa kijitabu kimenyamaza kwa sababu aliyekiandika hajawahi kufika Nyanda za Juu Kusini. Usiite mizimu. Usitaje tunguri, hirizi, kafara, ndagu, hata kwa utani. Usimtanie mtu kwa jina la lambalamba, wale waganga wanaodai kufichua wachawi. Usiseme unga wako wa rangi ni “dawa”, sema ni unga. Bismillahi, amina na haleluya ziache kwa wenye nazo. Na usibuni maneno yanayofanana na lugha ya Kibantu isiyojulikana. Wengi wanaona hiyo ndiyo njia ya werevu, wanatunga kitu kama lugha ya mbali. Ukumbi hauchukulii kwamba ni upuuzi uliotungwa. Unachukulia kwamba ni lugha ya wilaya ya pili, na kwamba umesema kitu. Atatokea mtu wa kukutafsiria kesho yake sokoni.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, ya tangu mwaka 1928, inamhesabu kuwa mkosaji anayejionyesha kwa maneno au vitendo kuwa ana uwezo wa uchawi. Kwa hiyo sentensi ya kwanza jukwaani, kabla ya paukwa, iwe wazi: haya ni mazingaombwe, ni kazi ya vidole vyangu na macho yenu. Haipunguzi utamu. Ukiwa Iringa au Njombe itanguliwe na salamu ya kamwene, ukumbi uitikie, ndipo uiseme.

Kwa anayetaka neno lake mwenyewe lisilo na kivuli cha uganga, majina ya mahali yanafanya kazi ajabu. Yana silabi za kutosha, kila mtu anayatamka sawasawa, na yanachekesha yakitajwa pasipotarajiwa. Sokomatola ya Mbeya ina silabi tano za wazi, so-ko-ma-to-la, na mdundo wake ni wa ngoma. Makambako ni bora zaidi kwenye kamba: barabara kuu ya Zambia ikifika pale inaachana na ile ya Njombe na Songea, kwa hiyo kamba moja ikikatwa kuwa mbili huku watu wakiita “Ma-ka-mba-ko!” neno lina maana na utani kwa pamoja. Kwa karata, Iringa wana Gangilonga, jiwe linaloongea kwa Kihehe. Mtu achague saba ya kopa, airudishe, weka kokoto juu ya karata, liulize. Neno likisemwa kwa kunong’ona ni tamu kuliko likipigiwa kelele. Kipimo ni kimoja: jina liwe na maana kwa hao walio mbele yako. Sokomatola haichekeshi Mafinga.

Ukumbi wenyewe una amri yake. Spika za sherehe za kipaimara zinapasuka kwenye herufi p, na paukwa inaanza na p. Kipaza sauti kikae ubavuni mwa mdomo, upana wa kiganja, usipulizie katikati. Kwenye kumbi za bati msimu wa mvua neno halisikiki kabisa, kwa hiyo tangu mazoezini liambatane na ishara: kiganja kikiinuka, wanaitikia, hata kama hawakukusikia. Mwangwi ukiwa mkubwa tumia maneno yanayoishia na irabu pana, a au o. Juni na Julai, Makete na Njombe, vidole vinakauka na kukaza, gumba bandia linapwaya na vipira vinateleza. Pasha mikono kabla ya kupanda, gusa maji kidogo kwenye ncha ya gumba, na siku hiyo chagua maneno marefu, kwa kuwa kila kitu kitachelewa.

Kuna njia ya kutokuwa na neno kabisa. Mhispania Juan Tamariz humalizia viinimacho vyake kwa kupiga fidla isiyokuwepo na kuuimba mlio wake kwa mdomo. Ni sauti tupu, haina maana, na haihitaji tafsiri Mbalizi wala Madrid. Mluzi mmoja mfupi unaweza kufanya hivyo. Anayeanza asijaribu kwanza. Sauti bila neno inamtaka mtu asiye na haya.

Alama zetu kwa boksi la aina hii: vifaa saba kwa kumi, ukurasa wa maneno mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za alakazamu. Vikombe ndivyo vinavyobeba bei. Viangalie kwa mwanga wa nje ya duka: vikiwa vinapitisha mwanga, mpira utaonekana kama kivuli, chagua boksi jingine. Viingizane bila kugota, na kati ya kikombe na kikombe ibaki nafasi ya mpira mmoja. Visipoacha nafasi hiyo, mnara wa vikombe utasimama kombo na kila mtu ataona. Kamba ni nzuri. Karata ni nyepesi mno, zitapinda ndani ya wiki chache. Fimbo ina mshono wa plastiki unaokwaruza, upitishe msasa.

Kabla hujalipa, muombe mwenye duka afungue boksi uhesabu vipira. Mchoro unaonyesha vitatu, kwa sababu watazamaji wanatakiwa waamini ni vitatu. Ndani viwe vinne. Boksi lililokwisha kufunguliwa na wateja wengine mara nyingi limebaki na vitatu, na muuzaji atakuapia kuwa limetimia.